Warspite Mezani: Namna ya Kujenga Manowari Iliyotia Nanga Kilindini

Kijana wa Mombasa akipata hamu ya kujenga modeli ya manowari, macho yake hukimbilia Bismarck au Yamato, kwa sababu ndizo zinazojaa kwenye matangazo. Ni meli zenye historia nzito, ila hazikuwahi kufika hapa. Iko manowari nyingine ambayo wazee wa kisiwa hiki waliiona kwa macho yao ikipita mlango wa Likoni, na boksi lake la vipande vya plastiki linapatikana sokoni hadi leo. Meli hiyo ni Warspite, na makala haya ni ya mtu anayetaka kuijenga vizuri, hapa kisiwani, kwa vifaa anavyoweza kuvipata na kwa hali ya hewa tuliyo nayo.

Tarehe 5 na 9 Aprili 1942, ndege za Japani zilizipiga Colombo na Trincomalee, huko Ceylon (Sri Lanka ya leo). Katika siku hizo chache Uingereza ilipoteza baharini manowari Cornwall na Dorsetshire, na Hermes, iliyokuwa meli ya kubeba ndege. Ceylon ikaonekana si mahali salama tena, na Kilindini ikawa kituo kikuu cha kundi la meli la Mashariki. Shule ya Allidina Visram ikachukuliwa na wanajeshi wa kunasa na kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Kamanda wa kundi hilo alikuwa Admeri James Somerville, na Warspite ndiyo iliyobeba bendera yake.

Nina ushauri mmoja mkubwa, na mengine yote yanatokana nao: chagua tarehe kabla ya kuchagua rangi.

Tarehe kwanza

Meli ya kivita haikai vilevile. Warspite ilishushwa majini Novemba 1913 huko Devonport, ikapigana Jutland mwaka 1916, ikabomolewa na kujengwa upya kati ya 1934 na 1937, ikapigwa bomu karibu na Krete Mei 1941, kisha ikapelekwa Bremerton, Marekani, kutengenezwa kabla ya kuja Bahari ya Hindi. Anayeijenga ya Jutland anaweka dohani mbili. Baadaye ilibaki na moja. Ya 1940 haina mizinga midogo ya milimita 20 ya kutungulia ndege iliyofungwa Bremerton, na kila mwaka wa vita uliongeza mingine. Boti, rada na rangi navyo vilibadilika.

Kwa hiyo ukisema "najenga Warspite" bado hujasema kitu. Sema "najenga Warspite ya Septemba 1942". Mimi naupendekeza mwezi huo kwa sababu una maana kwetu. Tarehe 10 Septemba majeshi ya Uingereza yaliteremka Majunga, Madagaska, na msafara wao ulikuwa umejipangia Mombasa. Katika kampeni hiyo kulikuwa na askari wa Afrika Mashariki wa Brigedi ya 22. Ukishika tarehe hiyo, kila swali lina pa kujibiwa. Je, mzinga huu niuweke? Tafuta picha ya 1942. Je, boti hii ilikuwapo? Tafuta picha ya 1942. Makumbusho ya Vita ya Uingereza yameweka picha nyingi za kundi la Mashariki kwenye intaneti, na nyingi zina mwezi na mwaka. Zikusanye mapema, zipange kwa tarehe, na ile isiyo na tarehe iweke kando hata kama ni nzuri.

Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi isome kwa heshima, lakini usiiamini kupita picha. Huenda aliyeichora alikuwa akifikiria mwaka mwingine.

Skeli, na mzinga wa Ngomeni

Warspite ilikuwa na urefu wa mita 196 hivi na upana wa karibu mita 32. Academy wa Korea Kusini wana boksi la skeli ya 1/350, na modeli yake hufika sentimita 56. Aoshima wa Japani wanayo ya 1/700, ambayo ni sentimita 28. Ya kwanza inataka meza nzima na kabati la kuiwekea. Ya pili inatosha kwenye rafu ya vitabu. Anayeanza hushawishika kuchukua ndogo akidhani ni nyepesi. Sivyo. Vipande vya 1/700 ni vidogo mno, na mkono usiozoea huvipoteza au huvivunja. Kama nafasi na fedha vinaruhusu, anza na 1/350.

Kabla ya kukata kipande chochote, nenda Ngomeni. Pale Fort Jesus pana mzinga uliotoka kwenye Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Simama kando ya mzinga huo, usiupande wala kuung'ang'ania, uupime kwa macho. Mtutu wake una urefu wa mita 4.2, na tundu lake ni sentimita 10.5. Katika skeli ya 1/350 mtutu huo ni milimita 12 tu, na katika 1/700 ni milimita 6. Mizinga mikubwa ya Warspite, minane, ilikuwa na tundu la sentimita 38.1 na mtutu wa zaidi ya mita 16. Mwezi Julai 1940 mmojawapo uliipiga meli ya Kiitaliano kutoka umbali wa kama kilomita 24, mbali kuliko kutoka Ngomeni hadi Mtwapa. Msomaji aliye London naye ana pa kwenda: mbele ya Makumbusho ya Vita pana mizinga miwili ya aina hiyohiyo, iliyowahi kubebwa na Ramillies na Resolution, na meli hizo mbili nazo zilikuwa katika kundi la Mashariki mwaka 1942.

Hesabu hizi zina kazi yake. Mtu wa mita 1.75 ni milimita 5 katika 1/350. Reli ya sitaha yenye urefu wa mita moja haifiki milimita 3. Ukishaupima ukubwa wa kweli kwa macho yako, utajua kipande kipi cha plastiki ni kinene mno na kinataka kukwanguliwa, na kipi kiachwe kama kilivyo.

Vifaa: agiza vichache, tafuta vingine hapa

Boksi lenyewe, gundi ya plastiki na rangi za modeli huenda ukalazimika kuviagiza nje. Uliza ushuru na gharama ya usafirishaji kabla ya kulipa. Chagua rangi za maji ikiwa unaagiza kwa ndege, maana rangi na gundi zinazoshika moto hukataliwa na wasafirishaji wengi. Boksi likifika, lifungue siku hiyohiyo, uhesabu fremu zote kwa kufuata karatasi ya maelekezo, na kama kuna pengo uandike madai mapema.

Vilivyobaki viko mtaani. Koleo ndogo ya kukatia, tupa nyembamba, msasa wa maji namba 400, 600 na 1000, tepu ya karatasi na visu vya kubadilisha wembe utavipata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na umeme. Vitupa vya kung'arishia kucha vinavyouzwa kwenye maduka ya urembo husugua plastiki vizuri ajabu. Kibano kizuri cha ncha kali kitafute kwa mafundi wa simu na saa. Sindano, pini na nyuzi ziko Biashara Street. Taa nyeupe ya mezani na kioo cha kukuza usivionee ubahili; macho hayauzwi.

Joto, unyevu na chumvi

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na hapa pwani mambo yana taratibu nyingine.

Plastiki ya modeli hulegea kwa joto. Usiache boksi ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala usiliweke chini ya paa la mabati lisilo na dari. Kiwiliwili cha meli ya sentimita 56 kikishapinda, hata kidogo, kukinyoosha ni kazi kubwa kuliko kukijenga.

Gundi ya haraka, ile ya matone, hugandishwa na unyevu wa hewa. Mombasa hewa yetu ina unyevu wa kutosha, kwa hiyo hushika upesi kuliko karatasi yake inavyosema, na huacha ukungu mweupe pembeni. Usiitie moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Dondosha tone juu ya kipande cha kigae, kisha uchukue kidogo kwa ncha ya sindano. Chupa ihifadhi kwenye friji ndani ya mtungi uliofungwa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na ukiitoa iache ipate joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo umande utaingia ndani.

Rangi ya kupuliza nayo huogopa unyevu. Ukipuliza alfajiri au mara baada ya mvua, rangi hukauka na weupe kama vumbi la chokaa. Masika ya Aprili na Mei yaache kwa kazi ya kukata na kusugua. Siku kavu, subiri hadi saa tano au saa sita mchana, puliza penye hewa lakini pasipo upepo, ukiwa umevaa barakoa, kisha ukifunike chombo kwa beseni safi ili vumbi na wadudu visikae juu ya rangi mbichi. Katika nyumba za Mji wa Kale, ambako madirisha yanatazamana na uchochoro na jirani yuko mkono mmoja, tumia brashi na rangi za maji. Matabaka matatu mepesi ya brashi, kila moja likikauka kabisa kabla ya lingine, hutoa sura nzuri na hayamkeri mtu.

Kiwiliwili

Osha fremu zote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, uzikaushe kivulini. Vipande hutoka kiwandani na mafuta kidogo, na rangi haishiki kwenye mafuta.

Kabla ya gundi, shikanisha vipande kwa tepu uone vinavyokutana. Kazi hii haina njia ya mkato. Weka nusu mbili za kiwiliwili pamoja, tazama omo, tezi na ubavu, kisha uweke sitaha juu bila gundi. Pakiwa na mwanya, tafuta kinachozuia. Mara nyingi ni kijinundu cha plastiki kilichobaki ulipokata. Vipande vikishakutana vizuri, tia gundi ya plastiki kwa brashi kwenye kiungo chenyewe, iingie ndani yenyewe, na usisukume kwa nguvu. Gundi hii huyeyusha plastiki na kuziunganisha pande mbili ziwe kitu kimoja, kwa hiyo iache usiku kucha.

Mwanya uliobaki uzibe kwa pati kama fundi wa jahazi anavyopiga kalafati: kidogokidogo, ukishindilia ndani ya ufa, si kupaka juu. Pati ikikauka, sugua kwa msasa wa maji hadi kidole kisihisi kitu, halafu pulizia rangi ya msingi ya kijivu. Rangi hiyo ndiyo itakayosema ukweli. Ufa usioonekana kwenye plastiki tupu utaonekana mara moja.

Hapa ndipo pa kuamua kama meli itaonyeshwa nzima na mkuku wake, au itakatwa kwenye mstari wa maji ikae baharini. Kwa mandhari ya Kilindini, iweke kwenye maji. Seti nyingi za 1/700 zimekwisha kukatwa hivyo. Kwa 1/350 tazama maelekezo kabla hujagundisha sehemu ya chini.

Mizinga, reli na kamba

Warspite ya baada ya kujengwa upya ilikuwa na mizinga minane mikubwa katika minara minne, minane ya inchi 6 ubavuni, minane ya inchi 4 ya kupiga ndege, na vikundi vinne vya mizinga midogo ya mitutu minane minane, mbali na ile ya milimita 20. Ukikaa kuvijenga vyote kwa siku moja mkono utachoka na kazi itaharibika. Bandubandu huisha gogo: leo mnara mmoja, kesho vikundi viwili vya mitutu. Vijenge kwa makundi, uvipake rangi vikiwa bado vimebanwa kwenye vijiti, uvihifadhi kwenye visanduku vyenye majina.

Midomo ya mizinga mikubwa itoboe. Tundu la sentimita 38.1 ni karibu milimita 1.1 katika 1/350. Anza kwa ncha ya sindano katikati kabisa, kisha zungusha keekee ndogo ya mkono taratibu. Mzinga wenye tundu hubadilisha meli nzima. Ule uliozibwa huonekana kama kijiti.

Reli na ngazi za plastiki huwa nene mno. Zipo seti za shaba iliyokatwa kwa tindikali, nyembamba kama karatasi, za meli hii hii. Zikate juu ya kigae kwa wembe mpya, zikunje kwa rula mbili za chuma, uzibandike kwa tone dogo sana la gundi ya haraka. Anza na reli za katikati ya meli, umalizie na za ukingoni, ili usije ukazibonyeza kwa kiganja.

Kamba na nyaya za mlingoti ndipo modeli nyingi huharibika. Uzi wa kushonea wenye unene wa robo milimita, ukiuzidisha mara 350, ni kamba ya karibu sentimita 9, nene kama ya kufungia meli kubwa gatini. Waya wa kweli wa sentimita 2 unapaswa kuwa mwembamba kuliko unywele. Njia ya kale na ya bure ni kutumia fremu zilizobaki. Shika kipande cha fremu juu ya mshumaa bila kukigusisha moto, kizungushe hadi kilegee, kitoe kwenye joto, halafu kivute kwa mwendo mmoja. Hutoka uzi mrefu laini wa plastiki. Ukivuta haraka ni mwembamba, ukivuta polepole ni mnene. Kata kwa urefu unaotaka, bandika ncha mbili. Zima feni kabla ya kuanza kazi hii.

Rangi

Meli ndogo ukiitazama kwa karibu ni sawa na meli kubwa uionayo kwa mbali, na kitu cha mbali rangi yake hufifia. Kwa hiyo kijivu kilichopakwa ubavuni mwa meli ya kweli kikipakwa vilevile kwenye modeli kitaonekana kizito mno. Ongeza nyeupe kidogo katika kila rangi, ukizidisha zaidi kwa 1/700. Ramani ya mabaka ya ubavuni itoe kwenye picha yenye tarehe, upande wa kulia kivyake na wa kushoto kivyake, maana pande hizo hazikulazimika kufanana. Paka kwanza sitaha, ifunike kwa tepu, ndipo upake kuta.

Kutu itie kwa kiasi. Meli iliyobeba bendera ya admeri ilikuwa na mamia ya mabaharia wa kuisugua. Michirizi kidogo chini ya matundu ya nanga na vumbi la chumvi karibu na mstari wa maji vinatosha.

Kuiweka Kilindini

Nenda Mama Ngina jioni meli kubwa inapoingia. Tazama omo lake: haliinui ukuta wa povu kama kwenye picha za vita. Inapita mlango ule kwa mwendo wa taratibu, na maji hufunguka kwa mikunjo midogo miwili tu. Angalia pia rangi ya maji, samawati ikienda kijani, na mkondo unavyokatiza. Hayo ndiyo maji ya modeli yako. Yatengeneze kwa karatasi ya shashi iliyokunjwa na kulowekwa kwa gundi nyeupe juu ya ubao, upake rangi, umalizie kwa vanishi ya kung'aa matabaka kadhaa.

Kisha usiiache meli peke yake. Bandari hii iliendeshwa na makuli, mabaharia wa matishali, waendesha kreni na makarani, na wengi wao walikuwa watu wa pwani na wa bara waliokuja kutafuta kazi. Jenga tishali moja kutokana na plastiki iliyobaki, uliweke ubavuni mwa manowari, uweke juu yake watu wa milimita 5 wakipakia. Weka na ngalawa ya mvuvi mbali kidogo. Kwa vitu hivyo vichache mtazamaji ataona mara moja ukubwa wa Warspite, na ataona ni bandari ya nani.

Ikishamalizika

Modeli isiyofunikwa haidumu hapa. Vumbi, mjusi na hewa ya chumvi huimaliza. Fundi wa fremu za picha anaweza kukukatia sanduku la kioo. Liweke mbali na jua la dirishani. Chini yake bandika kibao cha Kiswahili kinachotaja jina la meli, skeli, tarehe uliyoichagua, na sentensi mbili za kilichokuwa kikiendelea Kilindini wakati huo.

Halafu ipeleke shuleni, kwenye maktaba au hata barazani kwenu, watu waione na waulize. Wazee huenda wakakuongezea walichosimuliwa na baba zao waliofanya kazi bandarini. Andika wanayosema, pamoja na mwaka. Vita vile vilipita mlangoni petu, watu wetu walivibeba migongoni, na vitabu vingi vimewataja kwa mstari mmoja tu. Mjenzi anayeshika tarehe yake na kuwaweka makuli pale walipokuwa anaurudishia mji sehemu ya historia yake. Anza wiki hii: chagua tarehe, kusanya picha, uende Ngomeni ukaupime ule mzinga.